Picha Haijajaa

Binti yangu, yule aliyekataa ualimu, yuko likizo na meza yangu ya kulia chakula imegeuka ofisi yake. Amepewa kazi ya chuo: alinganishe jinsi vituo mbalimbali vya habari vilivyotangaza tarehe 25 Juni 2024, siku vijana wa Kenya walipoingia bungeni Nairobi kuupinga Muswada wa Fedha. Kutwa nzima amekaa na simu mkono mmoja, kalamu mkono mwingine, anahesabu sekunde. Moshi umepewa ngapi, vioo vilivyovunjika ngapi, vijana waliobeba bendera ngapi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilipofika tarehe 1 Julai ilikuwa imeshahesabu vifo 39 tangu maandamano yaanze. Binti anatafuta ni nani aliyewapa hao sekunde za kutosha, na muswada wenyewe, ile kodi iliyowatoa watu majumbani, ni nani aliyeueleza ukaeleweka.

"Baba," akaniuliza bila kuinua kichwa, "wewe ulishawahi kuona habari inavyotengenezwa?"

Nimewahi. Ilikuwa mwaka 1983, hapa hapa Dodoma, mtaa wa Chang'ombe, mbele ya ofisi moja ambayo siitaji.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa ile miaka. Foleni ya mawe, kila mtu na jiwe lake, na ole wako ulisogeze la mwenzio. Sabuni kwa mgao. Unga wa njano tuliouita yanga, ambao mama alikuwa anauchanganya na wa uwele ili baba aumeze bila maneno. Jumapili mchana magari binafsi marufuku barabarani, mafuta hakuna. Vijana mnaosoma hapa, waulizeni nyumbani.

Baba alikuwa karani wa reli, na redio yetu ndiyo iliyokuwa kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya nyumba, baada ya cherehani. Kituo kilikuwa kimoja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni huku Bara hatukuwa nayo mpaka 1994, na magazeti yalikuwa machache, nayo ya chama na ya serikali. Saa mbili usiku, kimya. Taarifa ya habari, halafu Mazungumzo Baada ya Habari. Yakiisha, baba anazungusha kitufe taratibu kutafuta London, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, inakuja na kwenda na mkwaruzo wake. Dar es Salaam walisema tatizo ni walanguzi. London, kwa jinsi ninavyokumbuka, tatizo lilikuwa Ujamaa. Baba anazima redio kuokoa betri, kisha anasema, "Huyu ananionyesha mwizi, yule ananionyesha Mwalimu Nyerere. Sabuni yenyewe hakuna anayenionyesha."

Februari ile Edward Sokoine alirudi kwenye uwaziri mkuu, na Machi ilipoelekea ukingoni msako wa wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa, ukaanza. Sitaki mtu anielewe vibaya: nchi haikulia, nchi ilishangilia. Vitu vilivyokuwa havionekani vilionekana. Watu walitupa jora za vitenge makorongoni usiku, wengine wakaacha maboksi kando ya barabara wakakana kuyajua. Mpaka leo ukilitaja jina la Sokoine kijiweni utaona wazee wanavyokaa vizuri kwenye benchi. Nami simo katika kundi la wanaomsema.

Kona ya mtaa wetu palikuwa na duka la mzee mmoja Mrangi. Jina lake tulilijua, lakini wote tulimwita Mzee wa Kondoa. Duka la mbao, mizani, rafu nyingi tupu. Siku walipomfuata nilikuwa shuleni. Niliporudi nikakuta mtaa mzima umehamia mbele ya ile ofisi, na mama yangu yumo, khanga kifuani, pamoja na majirani zake.

Meza ilikuwa imetolewa nje. Meza ya ofisi, kubwa. Juu yake wamepanga mali ya mzee: madebe mawili ya mafuta ya kula, sukari gunia lisilofika nusu, miche ya sabuni, viberiti, betri za redio, doti kadhaa za khanga. Mgambo wawili wanalinda. Pembeni kuna Land Rover, na mtu mmoja aliyekuwa bado anavaa bugaluu, ile suruali pana chini, wakati mji mzima ulishaliacha, kamera imening'inia shingoni. Mpiga picha wa gazeti. Sisi watoto hatukuwa tumewahi kuona kamera nje ya studio, kwa hiyo tulimzunguka mpaka akatufukuza.

Akainama, akachungulia, akafumba jicho. Halafu akaishusha kamera.

"Haijajaa," akasema.

Mgambo wakatazamana. Akawaeleza kwa upole, kama mtu anayeijua kazi yake, kwamba meza ni kubwa na vitu ni vichache, msomaji hataona kitu. Mmoja akaingia ndani akatoka na jora mbili za kitambaa. Zile zilikuwa za fundi cherehani wa mtaa wa pili. Tulizijua, zilikuwa zimechukuliwa jana yake. Zikawekwa. Akachungulia tena. "Bado." Yakaletwa magunia ya duka la bwana mmoja aliyekimbia mji, sijui yalikuwa na nini ndani, yakasimamishwa nyuma ya meza. "Vizuri, lakini huku mbele pako wazi. Pajazeni."

Hapo ndipo mgambo mmoja aliponitazama mimi. Mtoto wa enzi zile akitumwa na mtu mzima haulizi. "Wewe, tafuteni maboksi, makubwa." Tukatawanyika. Wenzangu wakaokota yao nyuma ya duka la ushirika. Mimi nikakimbilia nyumbani, maana nililijua moja: boksi letu la mafuta ya kula, ambalo vifaranga wa mama walikuwa wanalala ndani yake. Nikawamwaga vifaranga uani, nikarudi nalo mbio. Lilikuwa jepesi, lina manyoya na harufu. Mpiga picha hakulijali. Alilichukua mwenyewe, akaligeuza ili maandishi yaelekee kamera, akaliweka chini kushoto, na juu yake akaweka mche mmoja wa sabuni.

Mama akapaza sauti kutoka kwenye kundi, "Boksi langu mtalirudisha!" Wanawake wakacheka. Mgambo naye akacheka. Lilikuwa kundi lenye furaha, nisidanganye.

Ndipo wakamwita Mzee wa Kondoa. Alikuwa kivulini, amechuchumaa, mikono magotini. Akaambiwa asimame nyuma ya meza. Sasa angalieni alichofanya. Alipoiona kamera, akafunga kifungo cha juu cha shati. Akaweka baraghashia sawa. Akapangusa vumbi mabegani, maana upepo wa Dodoma hauna adabu hata kwa mshtakiwa. Picha kwetu lilikuwa jambo la heshima: ulikwenda studio siku ya Idi au Krismasi, ukasimama karibu na ua la plastiki, ukaambiwa usipepese. Mzee hakuwa na namna nyingine ya kupigwa picha. Akainua kidevu na kutabasamu kidogo, ile ya midomo kufungwa.

"Hapo hapo, mzee, usitikisike," mpiga picha akasema, kwa adabu kabisa. Taa ikamulika. Kisha wakarudisha jora ndani, magunia ndani, na boksi la mama likabaki pale chini, nikalirudisha nyumbani.

Gazeti lilikuja na treni siku kadhaa baadaye, baba akalitoa kazini. Picha ilikuwa kubwa. Meza haikuonekana hata ubao wake. Ilionekana shehena, na nyuma yake mwanamume mnadhifu anayetabasamu. Maelezo ya chini yalisema mhujumu huyo alionekana kutokuwa na haya hata kidogo. Kwenye kahawa gazeti likapita mkono kwa mkono, na watu niliokuwa nimesimama nao siku ile, watu walioziona zile jora zikitoka ndani, wakatikisa kichwa: "Kumbe alikuwa navyo vyote hivi!" Baba alilitazama muda mrefu. Akauliza tu, "Hili boksi si letu?"

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Sheria iliyotungwa mwaka ule kwa ajili ya wahujumu haikuruhusu dhamana wala wakili. Mzee alichukuliwa. Akakaa miezi mingi, akarudi amekonda, na hakuna shtaka alilosomewa. Mwaka uliofuata ile sheria ikaondolewa, ikaja nyingine, na Aprili 12 Sokoine mwenyewe akafa kwa ajali kule Dakawa akitoka hapa Dodoma. Kurudi kwa mzee hakukuandikwa popote. Baba alimshawishi aandike barua gazetini. Mzee alikataa, lakini aliuliza kama baba, kwa kuwa anafahamiana na watu wa treni, anaweza kumpatia nakala safi ya ile picha. Alisema ametokea vizuri.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na kinachonisumbua siyo yale maboksi. Maboksi ni ujanja wa siku moja. Kinachonisumbua ni yale ambayo yasingeweza kuwekwa juu ya ile meza hata mpiga picha angekuwa malaika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977. Vita ya Kagera ilikuwa imekula fedha, na baada yake Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi 18, mikanda ikakaa imefungwa miaka. Mafuta yalipanda bei duniani 1979, kahawa yetu ikashuka. Viwanda vilisimama kwa kukosa fedha za kigeni za kununulia malighafi na vipuri. Mkulima alilipwa bei isiyomfanya atamani kulima zaidi, na alilipwa na mashirika ya serikali hiyohiyo iliyokuwa inamtafuta mchawi. Serikali ilivutana na Shirika la Fedha la Kimataifa mpaka 1986, Mzee Mwinyi akiwa Ikulu, ndipo wakakubaliana. Haya yote ndiyo yaliyokuwa yameificha sabuni. Lakini hayana sura. Huwezi kuyaambia yafunge kifungo cha juu yakatabasamu.

Mlanguzi anayo sura. Na kwa upande wa London, Nyerere naye alikuwa nayo, tena ilijulikana dunia nzima. Naona kila upande ulichukua sura iliyokuwa karibu na mkono wake. Hata hizi za Nairobi ni hivyo: moshi unaonekana, kijana na bendera anaonekana, ila deni la taifa na masharti ya mkopo hayawaki moto. Simwambii mtu kwamba hakuna tofauti kati ya anayepunguza na anayeongeza maboksi. Ipo. Nasema tu kwamba mpiga picha wetu angekuwa mkweli kabisa, akapiga meza ilivyokuwa, na madebe yake mawili, bado msomaji angeelewa kwamba njaa ya nchi inatokana na mzee wa Kirangi mwenye madebe mawili.

Hapo nilikuwa nimejiridhisha na hoja yangu. Tatizo ni mama.

Mama sasa anaishi Bahi, ana miaka yake themanini na ushee, macho yamepungua lakini ulimi bado mzima. Nilimweleza habari hii nilipokwenda kumjulia hali, nikidhani nitamchekesha. "Mbukwa, mama," na yale mengine yote ya salamu, kisha nikaanza. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mlenda.

"Yule alikuwa na mali," akasema.

"Mama, ulikuwepo. Uliona walivyoleta jora za fundi."

"Niliona meza imejaa. Ilijaa hata pa kuweka kidole hakuna."

"Na boksi lako la vifaranga? Si ulipiga kelele warudishe?"

"Boksi gani?" Alinishangaa kwa dhati kabisa. Akanieleza ile siku yote: shehena, magunia nyuma, mzee anatabasamu bila haya. Alitaja hata mche wa sabuni juu ya boksi chini kushoto. Alikuwa ananisimulia gazeti. Alilokuwa ameliona kwa macho yake, mita chache kutoka kwenye ile meza, lilikwisha kufutika, na la gazetini ndilo lililobaki.

Nikajaribu tena. Nikamkumbusha kwamba mzee alirudi bila shtaka, kwamba hakuna aliyethibitisha chochote, kwamba mtu hafungwi kwa ajili ya picha. Nikaongea labda zaidi ya ilivyofaa kuongea na mzazi.

Mama akaweka ungo chini.

"Wewe mtetezi," akasema, "ile sukari niliyokuwa nakutuma usiku, mlango wa nyuma, kwa mzee huyohuyo, na mchana anatwambia hana hata punje, ilikuwa inatoka wapi? Na bei yake unaikumbuka?"

Naikumbuka. Ilikuwa mara mbili ya bei ya serikali, na tulikuwa tunamshukuru.