Abiria Ambaye Hakuwamo: Uzoefu Wangu na Madai ya Ajali ya Uongo

Jioni moja ya Jumamosi, nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, kabla kidogo ya kufika Tabata Relini, niliachia breki mapema kuliko ilivyostahili na bampa ya gari langu ikaigusa bajaji iliyokuwa mbele yangu. Kosa lilikuwa langu na sikulikana. Taa moja ya nyuma ya bajaji ilipasuka, bampa yangu ikapata mchubuko wa upana wa kiganja, na dereva wa bajaji, kijana mwenye maneno ya upole, akaniambia kwamba taa hiyo pamoja na ufundi haitazidi shilingi 30,000. Nilimtumia fedha hizo kwa M-Pesa hapo hapo, nikapiga picha mbili ili nimwoneshe mke wangu uharibifu kabla hajauona mwenyewe, tukapeana mikono na kila mmoja akashika njia yake.

Siku 23 baadaye kijana yule alinipigia simu. Sauti ilikuwa ile ile ya upole, lakini habari ilikuwa nyingine: abiria aliyekuwa amembeba siku ile alivunjika mkono na familia yake ilikuwa inanitafuta. Kesho yake akapiga mtu aliyejitambulisha kuwa mjomba wa majeruhi, akaniambia kwamba wao ni watu wa amani na kwamba shilingi 4,500,000 zingetosha kuyamaliza mambo kifamilia. Nilipomjibu kwamba bajaji ile haikuwa na abiria, alikata simu. Wiki haikuisha kabla sijapokea barua ya wakili iliyonipa siku 14 za kulipa au kushtakiwa, ikiwa na nakala kwa kampuni yangu ya bima. Nilistaajabu wamejuaje kampuni hiyo, kumbe katika mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima mtu huingiza namba ya gari tu akaona limekatiwa bima wapi na inaisha lini.

Jambo lililonitia hofu katika barua ile halikuwa kiasi kilichodaiwa, bali namna shilingi 30,000 zangu zilivyosimuliwa. Iliandikwa kwamba nilikiri kosa, nikamtuliza dereva kwa fedha, kisha nikaondoka na kumwacha majeruhi bila msaada wala kutoa taarifa polisi. Sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli, na uongo ulioshonewa kwenye kipande cha ukweli ni mgumu kuufumua. Ni kweli nililipa, na ni kweli sikwenda polisi. Shemeji yangu, ambaye amewahi kupita njia za mahakamani, alinishauri bila kuzunguka: "Shemeji, wape milioni moja ulale." Usiku ule nilipiga hesabu ya milioni moja hiyo mara kadhaa, na nakiri kwamba nilikuwa tayari kuitoa. Mke wangu ndiye aliyekataa, akisema kwamba kama 30,000 zimegeuzwa kuwa ushahidi dhidi yangu, basi milioni moja itageuzwa kuwa hukumu kamili.

Jumatatu nilikwenda kwenye ofisi ya bima. Nilikuwa na bima ndogo, ile ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na kwa miaka yote nimekuwa nikiiona kama stika ya kuwaonesha trafiki tu. Afisa wa madai, dada mmoja asiyependa maneno mengi, alinifafanulia kwamba bima hiyo ndiyo hasa inayobeba majeraha ya watu wengine, kwa hiyo anayedaiwa kwa kweli ni kampuni yake, na ndiyo maana mkataba unamtaka mteja atoe taarifa mara moja na unamkataza kukiri au kulipa chochote bila ridhaa yao. Mimi nilikuwa nimeyavunja yote mawili. Alinisema kwa adabu, nikastahili. Kisha akanipa maagizo ambayo niliyafuata neno kwa neno: nisizungumze tena na mtu yeyote wa upande ule kwa simu, nisifute ujumbe wowote, na bampa isiguswe na fundi hadi ikaguliwe.

Picha nilizopiga ndizo zilizobadilisha mwelekeo, ingawa kwa wiki nzima sikujua nilichonacho. Nilikuwa nimezipiga kwa ajili ya bampa, na macho yangu yaliishia kwenye bampa. Afisa yule alizikuza kwenye kioo cha kompyuta akaniuliza, "Haya magunia ni ya nini?" Nyuma ya bajaji, kwenye kiti cha abiria, yalionekana magunia mawili ya mkaa yaliyosimamishwa pembeni kwa pembeni, yakiziba kiti kutoka upande mmoja hadi mwingine. Huyo abiria angekaa juu ya mkaa au chini yake. Dada yule alinikatalia kumtumia picha hizo kwa WhatsApp, kwa sababu picha inayopita huko hupoteza taarifa zake za ndani, zikiwamo saa na tarehe iliyopigwa. Tulizihamisha faili zenyewe kwa waya, na simu nikaamriwa niihifadhi kama ilivyo, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo lakini mahakama hutazama umetengenezwaje na umetunzwaje. Ujumbe wa M-Pesa ulikuwa wa 12:38 jioni na saa ya picha ilikuwa 12:41. Dakika tatu hizo zilifunga mlango wa hoja kwamba picha ni ya siku nyingine.

Siku hiyo hiyo nilikwenda mwenyewe kwenye kituo cha polisi kilichotajwa katika barua, nikiwa na mwakilishi wa kampuni ya bima. Sikuitwa, na nadhani kwenda kabla ya kuitwa kulinisaidia kuliko hoja yoyote niliyoitoa. Katika maelezo yangu niliandika kwamba niligonga, kwamba nililipa, na kwamba nilikosea kutoripoti. Nikakataa jambo moja tu, nalo ni kuwapo kwa abiria. Askari mpelelezi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika nataka kuandika kwamba kosa la kugonga ni langu. Nilimjibu, "Ndiyo, Afande." Mkaguzi wa magari aliipima bampa, akaandika kwamba mchubuko ni wa mwendo mdogo sana. Katika jalada ilionekana pia kwamba PF3, fomu ambayo majeruhi huchukua polisi ili atibiwe, ilitolewa siku tisa baada ya ajali. Sitaki kulikuza hilo kupita kiasi, kwa kuwa watu wengi huchelewa kwenda hospitali kwa sababu ya umaskini, lakini siku tisa na mfupa uliovunjika zilihitaji maelezo, na maelezo hayakupatikana.

Mama aliyedaiwa kuwa abiria aliitwa wiki iliyofuata. Alikuja na mkono uliofungwa hogo, na maumivu yake hayakuwa ya kuigiza. Mpelelezi alimuuliza alikaa upande gani, akasema kushoto. Akamuuliza kama bajaji ilikuwa na mzigo, akasema haikuwa na kitu. Hapo ndipo alipowekewa picha mezani. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba aliteleza bafuni nyumbani kwake na kwamba kuna mtu alimwambia ipo bima ya kumlipia matibabu. Kutoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na mpelelezi alimkumbusha hivyo, lakini mimi sikuomba ashtakiwe. Niliyemtaka ni kijana wa bajaji na yule "mjomba", ambao simu zao zilikuwa zimezimwa tangu siku mbili kabla.

Jalada la majeruhi lilifungwa. Kwa upande wangu nililipa faini kwa kosa la kuendesha bila uangalifu, nikapewa stakabadhi. Kampuni ya bima ilimjibu wakili kwa maandishi kwamba inakana madai yote, na hatukusikia tena kutoka kwake. Hata hivyo, afisa yule wa madai alinionya nisitupe kitu, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya madhara ya namna hii yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3. Bahasha yenye stakabadhi, ripoti ya mkaguzi na nakala za barua ipo kabatini, na simu ya zamani yenye picha za magunia ya mkaa imo ndani yake, ikiwa imezimwa. Kwa hesabu yangu umebaki mwaka mmoja na miezi minne.