Kumbukumbu ya mradi wangu: sungura wasile chakula cha kuku, paka na mbwa

Wadau, hii ni kazi ninayoendelea nayo hapa nyumbani Mikindani, Mtwara. Uani kwetu kuna sungura wawili, Pamba na Korosho, kuku wa kienyeji wamechanganyika na wa mayai, paka mmoja na mbwa wa ulinzi, wote ua mmoja. Sungura siwafugi kwa nyama, ni wa kukaa nao tu, watoto wa dada yangu wanawapenda kupita maelezo, na sitaki kabisa kuwafungia kutwa kwenye kibanda maana sungura bila kukimbia anadhoofika. Kwa hiyo nikaamua kitakachohama ni vyombo vya wenzao, wao waachwe na uwanja wao.

Nimeanza na kuku, sababu ninayo

Ukisema sungura anadokoa chakula watu wanawaza sahani ya paka, ugali na dagaa. Kweli ile nayo mbaya, ugali ni wanga mtupu na dagaa ni protini na mafuta, nyuzinyuzi karibu hakuna, wakati utumbo wa sungura unasukumwa na nyuzinyuzi, zikipungua unapunguza mwendo, gesi inajaa, bakteria wabaya wanazaliana, na sungura hana uwezo wa kutapika, kilichoingia kimeingia.

Ila kinachoninyima usingizi zaidi ni chakula cha kuku cha gunia. Vyakula vingi vya vifaranga na vya kuku wa nyama vinatiwa dawa ya kuzuia koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara damu, na baadhi ya hizo dawa kama salinomisini, narasini na monensini kuku anazimudu vizuri tu lakini kwa sungura zinaweza kuharibu misuli mpaka ya moyo na akafa. Cha kuku wa mayai nacho kimejaa kalsiamu, asilimia 3 na nusu mpaka 4 hivi kwa ajili ya ganda la yai, wakati sungura asilimia 1 inamtosha na hata hiyo ni nyingi, na mwili wake haubagui, anafyonza kadiri anavyokula halafu ziada inatokea kwenye mkojo, mkojo unakuwa mzito mweupe, ndio mwanzo wa mawe kwenye kibofu. Kama una gunia nyumbani soma ile karatasi iliyoshonewa mdomoni, yote, na kama hakuna karatasi muulize bwana mifugo kabla sungura hajasogea pale.

Uchaga

Chakula cha kuku nimekipandisha juu ya uchaga: nimesimamisha nguzo nne za mwarobaini, juu nikapigilia mbao za paleti, urefu unanifika kifuani, yaani mita moja na zaidi kidogo, maana sungura mwenye nguvu zake anaweza kuruka hata sentimita 80 au 90 akitaka jambo lake. Kuku wanapanda kwa kituo cha katikati kisha juu. Mwanzo kituo kilikuwa ubao mpana, jioni moja nasikia watoto, "Mjomba, njoo, Pamba kapanda!" Kutoka nje namkuta Pamba kakaa pale katikati katulia, anapima ruka ya pili, masikio yote mbele. Ubao ukang'olewa hapo hapo, nikaweka fimbo nyembamba ya mviringo. Kuku anaikunjia vidole anakaa, sungura mguu wake haushiki fimbo, anateleza. Mpaka leo hajarudia.

Tatizo likabaki kumwagika, kwa sababu kuku hali bila kuchakura, anatawanya pumba na mashudu ya ufuta yanaanguka chini ya uchaga, na sungura wanasubiri palepale. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Suluhisho limekuwa dumu la mafuta la lita 20, nimelilaza, nimelikata matundu ya kupita kichwa cha kuku tu, kingo nimezichoma kwa kisu cha moto ili zisiwakate shingo. Kuku anadonoa lakini mguu hauingii, hakuna kuchakura. Chini nimetandika bati kuukuu nalifagia kila jioni. Gunia lenyewe liko stoo ndani ya pipa lenye mfuniko, maana sungura anatoboa kiroba kwa meno kama hakipo, na panya pia.

Paka na mbwa

Hawa rahisi. Sahani ya paka iko juu ya ukuta wa jikoni. Mbwa anakula usiku sungura wakishafungiwa, sufuria inaondolewa na kuoshwa usiku huohuo, hakuna makoko ya ugali yanayolala nje.

Sungura mwenyewe ashibe

Vizuizi vyote hivi havina maana kama sungura ana njaa. Majani yawe mbele yake muda wote, ndiyo chakula hasa, na ndiyo yanasaga meno maana meno yake hayaachi kuota. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, zikiisha mwezi wa tano majani yanakauka haraka, kwa hiyo mwaka huu nimekata ukoka mapema nikauanika kivulini na kuujaza kwenye viroba, wenye ukungu natupa bila huruma. Matembele na majani ya mbaazi nawapa kidogo juu yake. Mwezi wa sita mpaka wa nane mikorosho inapulizwa salfa, dawa ya kuzuia ukungu, majani ya chini ya mikorosho sikati kabisa kipindi hicho hata kama ndiyo yaliyo karibu.

Tangu ukoka mkavu uwepo kutwa, Korosho haendi tena kuzunguka uchaga. Kinyesi chake nakiangalia kila asubuhi, sasa ni vidonge vikubwa, vikavu, vyenye nyasi ndani ukivivunja, kabla ya hapo vilikuwa vidogo na vya kushikamana. Watoto nimewaambia wakimuona yeyote hali na hatoi choo waniite muda huohuo, tusingoje kesho, hiyo ni ya daktari wa mifugo moja kwa moja.

Kinachofuata

Msimu wa korosho unakuja na tuna mti mmoja uani, mabibo, yaani matunda yake, yataanza kudondoka, yana sukari nyingi na yakikaa yanachachuka. Nataka kuuzungushia wavu wa kuku, chini nauzika kina cha kiganja kwa sababu wanachimba. Nguzo ninazo, nimebakiza kununua wavu na misumari ya kutosha, nikifunga nitaandika umeshikaje.