Siku moja maishani mwangu: mimi ndo yule dada wa kizibao cha njano pale barabarani

Ukipita barabara ya Dar hapa Dodoma ukitokea mjini kuelekea Nanenane ukaona mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwamvuli, kizibao cha njano, karatasi mapajani, anachora vijiti vijiti huku midomo inacheza kama anasali, huyo si trafiki, si TRA wa kodi, si LATRA wa leseni za daladala, na wala hajaja kupima kiwanja chako. Ni mimi huyo. Nahesabu magari. Nimeulizwa hii kazi na watu wengi mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, acha niandike siku nzima kisha mtu akiniuliza tena namtumia hii.

Si ajira, ni dei waka. Kampuni inapewa kazi ya kuangalia barabara inabeba nini, inatafuta vijana, mnakaa siku tatu hadi saba mnaachana. Mimi waliniita kwa sababu nilikuwa karani wa sensa 2022, wakaona huyu kuhesabu anakujua. Ila sensa tulikuwa na vishikwambi bwana, unabonyeza tu (baadaye wakapewa walimu vile). Hapa ni karatasi, kalamu ya bluu, na macho yako.

Saa kumi alfajiri naamka. Nakaa Chang'ombe, muda huo daladala hakuna, bodaboda elfu mbili na inatoka mfukoni kwangu kwenye hiyohiyo posho. Agosti Dodoma wenyeji mnaijua, ule upepo wa alfajiri unapita hadi kwenye mifupa. Navaa suruali mbili, sweta, juu kizibao. Mchana vyote hivyo vitakuwa mzigo wa kubeba.

Saa kumi na mbili kamili tunaanza. Mimi nahesabu wanaoenda mjini, mwenzangu yuko ng'ambo anahesabu wanaotoka. Fomu moja ni saa moja, imegawanywa dakika kumi na tano kumi na tano, kila kinachopita unachora kijiti, cha tano unakata kwa mlazo. Kuna pikipiki, bajaji, gari dogo, pikapu, daladala za Hiace, Coaster, basi kubwa, lori dogo, lori kubwa, semi, halafu baiskeli, halafu Nyingine, na mwisho kabisa pembeni huko karibu na ukingo wa karatasi kuna safu nyembamba kama kidole, imeandikwa Waenda kwa miguu.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu hiyo safu. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, hiyo ndo kazi. Magari yanapita lakini yana foleni, unayaona yanakuja, unapumua. Watu hawaji kwa foleni. Wanakuja kwa makundi, mafundi na vidumu vyao vya maji na pauro begani, akina mama wana ndoo kichwani, wanafunzi kibao ambao makonda wamewakataa kwa sababu nauli yao mia mbili, wasichana wa majumbani, walinzi wanaorudi na blanketi kwapani. Wengine wanatembea pembeni, wengine wanakatiza hapohapo nilipo maana kivuko cha zebra kiko mbali na nani atatembea kwenda huko kisha arudi. Wanasimama ukingoni, wanaangalia kulia, kushoto, lori, basi, lori, wanakimbia. Kisanduku cha dakika kumi na tano kilijaa kabla dakika saba hazijaisha, nikageuza karatasi nikaendelea nyuma. Mwenzangu naye alikuwa anaandika nyuma. Waliochora hiyo fomu sidhani kama walishawahi kukaa hapa saa moja asubuhi.

Saa moja na kitu akapita bwana mmoja kwenye baiskeli ya miguu mitatu, zile za kuzungusha kwa mikono. Yuko kwenye lami, maana pembeni kuna mtaro, na pale palipo na njia ya waenda kwa miguu kila baada ya hatua kadhaa kuna ukingo umekata, tairi haipandi. Nyuma yake lori la semi linampigia honi, yeye anazungusha tu, shingo imekaza, hageuki. Kijiti chake kinaenda wapi? Nikampigia mwenzangu. Akasema baiskeli, si ina pedeli. Mimi nikasema mwenda kwa miguu, maana anachohitaji ni njia ya watu, haya malori yanamhusu nini. Tukabishana kwenye simu hadi pikipiki mbili tatu zikanipita. Tukamuuliza supavaiza kwenye grupu, akajibu neno moja: Nyingine. Nyingine ni safu ya mikokoteni, trekta na punda. Nikachora. Sikufurahi.

Saa tatu nikanywa uji. Mama wa uji ni Mgogo, kila asubuhi ni "mbukwenyi", salamu ya Kigogo ya watu wengi, hata ukiwa peke yako, anakuwekea kikombe miguuni kwako bila kukusumbua maana anajua ukigeuza shingo kuna gari litakupita.

Halafu saa nne ndo ikaja ile shughuli yenyewe.

Bajaji ikasimama mbele yangu kabisa, imeniziba barabara yote, ndani kuna abiria wawili, mmoja mama na mtoto mchanga. Dereva kijana, kofia kageuza nyuma.

"We dada, unaniandika nini?"

"Sikuandiki wewe kaka. Nahesabu bajaji zinazopita."

"Za nani?"

"Zote."

"Namba yangu umechukua."

"Sijachukua namba ya mtu, njoo uone. Ila sogeza kidogo, unaniziba."

Hakusogeza. Akashuka, akaja akainama kwenye karatasi. Akaangalia weee. "Kwa hiyo hivi vijiti ndo mimi?"

"Mmojawapo."

"Toka asubuhi nimepita hapa mara nne. Umeniweka mara ngapi?"

Nikamwambia ukweli, kama ulikuwa unaelekea mjini mara zote nne basi vijiti vinne. Wacha apandwe na mori. "Unaona sasa! Mimi mtu mmoja, bajaji moja, ya mkopo, we unaniandika wanne! Mkipeleka huko juu wanasema bajaji zimezidi mjini, waondolewe. Mnatuharibia riziki kwa vijiti!" Nikaanza kumweleza kwamba hatuhesabu watu wenye bajaji, tunahesabu barabara imepitwa mara ngapi, ila nikisema hivyo nilijisikia hata mimi mwenyewe sijaeleweka. Mama mwenye mtoto anasema kaka tunachelewa kliniki, honi nyuma yetu zinalia, mwenzangu ng'ambo anapunga mikono kama anafukuza kunguru, akaamua kunihesabia na upande wangu, Mungu ambariki.

Likapita shangingi, namba za serikali, dereva na mtu mmoja nyuma anasoma simu. Yule kijana akalionesha kwa kidole. "Hilo?"

"Kijiti kimoja."

Nyuma yake Coaster, waliokaa wamekaa, waliosimama wamebanana vichwa vimeinama kwenye dari, konda ananing'inia mlangoni mguu mmoja nje. "Na hiyo?"

Nikakaa kimya kidogo. "Kimoja."

Hakugomba tena. Alicheka tu, kile kicheko cha mtu aliyeshinda kesi. "Haya. Hesabu zenu mnazijua wenyewe." Akawasha akaondoka. Na kuanzia hapo kila akipita anapiga honi na kuchomoa mkono dirishani: "Wa sita huyo!" "Wa saba, andika vizuri!" Mpaka mama wa uji akawa anamsubiri kwa hamu kuliko mimi.

Lakini lilinikaa. Nimefanya hii kazi mara nne na sikuwahi kuliona hivyo, kwamba kwenye karatasi yangu mtu mmoja kwenye kiti cha ngozi na watu wote wale waliobebana kwenye Coaster wako sawasawa, halafu wale wa miguu, ambao ndo wengi kuliko wote asubuhi, wamepewa ukingo. Karatasi hii ndo inaenda kusema barabara ipanuliwe ama isipanuliwe. Nikaanza kuandika pembeni, kwa penseli, makadirio ya waliomo kwenye kila daladala. Hakuna aliyenituma. Na ilinichosha mara mbili.

Saa sita nikapokewa dakika ishirini. Ugali, mlenda na dagaa kwenye banda la mama wa uji. Kuna mzee hukaa pale kila siku na fimbo yake, alifanya kazi CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoanzishwa 1973 makao makuu yalipoamuliwa kuhamia Dodoma na ikavunjwa 2017. Nikampa shikamoo nikamhadithia ugomvi wa bajaji. Akacheka hadi akakohoa. Akasema, binti, mpango wa kwanza wa huu mji, wa 1976, uliochorwa na Wakanada, ulianza na mtu wa miguu. Mabasi yalichorewa njia yao, baiskeli na waenda kwa miguu njia yao, mtu aende sokoni na shuleni kwa miguu, gari binafsi likawa la mwisho. Nikamuuliza sasa hizo njia ziko wapi mzee? Akasema hela haikuwepo, na watu nao hawakuwepo, serikali ilikuwa bado iko Dar. Walipokuja wakaja wote kwa mpigo, na magari yao. Hilo la mpigo mimi mwenyewe ni shahidi. Sensa ya 2012 Dodoma mjini palikuwa na watu 410,956, hii ya 2022 tuliyoifanya sisi ikatoa 765,179. Kuna mitaa niliingia na kishikwambi nikakuta nyumba hazina hata barabara ya kufikia, nilifika kwa kufuata njia za mbuzi.

Mchana sitaki hata kuukumbuka. Jua, vumbi, zile suruali mbili, na choo. Hakuna anayeuliza kuhusu choo. Kiko kwenye gereji upande wa pili, mia tatu, na kukifikia unakatiza barabara ileile kama wale unaowahesabu, ukirudi unajiuliza na mimi nilistahili kijiti? Nakunywa maji kwa vifuniko ili nisiende mara nyingi. Kichwa kinauma kila siku ya kazi hii na ninajua sababu.

Halafu upepo. Sikumbuki ilikuwa saa nane au tisa, kikatokea kile kimbunga cha vumbi, mwamvuli ukageuka, karatasi zikapeperuka. Nikaziwahi zote kasoro moja, fomu ya saa moja asubuhi, ile niliyoijaza mbele na nyuma. Nikaikimbiza. Mtu mzima na kizibao nakimbiza karatasi pembeni ya lami, malori ya Rwanda na Congo yanapita yananisukuma na upepo wao, mafundi gereji wanashangilia. Kuna barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, imebuniwa ili haya malori yazunguke huko yasipite katikati ya mji, na siku hiyo niliiombea kuliko nilivyowahi kuombea ndoa. Karatasi ilinasa kwenye miiba ya uzio wa mtu. Imechanika kona, vijiti vyote vipo. Nilikaa chini nikahema.

Supavaiza akaja kwenye saa kumi hivi. Si mtu mbaya, naye ana kituo kingine na bosi anayempigia kila nusu saa. Akakagua, akafika kwenye penseli zangu. "Haya ni nini?"

"Abiria. Nilikuwa nakadiria."

"Fomu haina sehemu hiyo."

"Najua bosi, ndo maana nimeandika pembeni."

Akasema abiria ni zoezi lingine, lina fomu yake na watu wake. Nikamuuliza linafanyika lini, akasema bajeti ikiruhusu. Nikamuuliza na posho ya zoezi lililopita, akasema Ijumaa. Ijumaa hiyo nimeshaisikia wiki tatu. Ila naomba niseme, penseli hakuzifuta. Alipiga picha ile karatasi kwa simu yake, akaondoka bila kusema ya nini.

Jioni wanarudi wote. Coaster za kutoka Mtumba kwenye Mji wa Serikali zimejaa hazisimami, watu wananyoosha mkono, konda anatikisa kichwa, wanaendelea kutembea. Mkono wangu umekufa ganzi, vijiti vimeanza kulala, macho yamejaa mchanga, kuna dakika nilimhesabu mbuzi. Yule wa bajaji akapita, "Wa kumi na saba! Nenda kalale dada!" nikachora nikiwa nacheka peke yangu.

Saa kumi na mbili kamili tukafunga. Unajumlisha, unasaini, unaweka kwenye bahasha, bahasha inachukuliwa na pikipiki. Nikakunja mwamvuli, mwenzangu akavuka, tukawa tunasubiri daladala giza linaingia.

Dakika kumi baadaye nikasikia mnyororo unalia. Yule bwana wa baiskeli ya mikono, anarudi kwake, kiroba cha unga kimefungwa nyuma kwa mpira, hana taa, kipande cha CD tu kimening'inizwa kiwe kinamulika. Akasimama kupumzisha mikono.

"Bado mnahesabu?"

"Tumeshafunga kaka."

"Basi mtanihesabu kesho."

"Kesho hatupo hapa."

"Aa, haya. Usiku mwema." Akaendelea.

Mwenzangu akaniangalia. Bahasha imeshaondoka. Kwa fomu zetu sisi, yule bwana asubuhi alienda mjini na akapotelea hukohuko.