Ule mvumo wa tairi la kulia

Gari la baba lilianza kuvuma, ukifika spidi 60 unasikia vuuu ya chini chini, ukigusa 80 imepanda mpaka mnaongea kwa sauti ya juu humo ndani. Mimi nikasema ni tairi, maana za mbele zilikua zimelika upande wa ndani, tukafanya alaimenti, yaani kunyoosha tairi zielekee sawa, na balansi ya uzito wake, stelingi ikawa nyepesi na gari likaacha kuvuta upande, lakini mvumo uko palepale. Tukahamisha tairi za mbele tukazipeleka nyuma, wapi, sauti haikuhama nazo. Hapo ndo nikajua kua tairi hazina kosa.

Nikapiga jeki, nikashika tairi juu na chini nikalitikisa, halichezi, nikashika kushoto na kulia, halichezi, nikamwambia baba beringi, ile ringi yenye gololi inayozungusha tairi, nzima, na boljointi, kile kiungo kinachoshikilia tairi, nzima. Nilimwambia kwa uhakika kabisa na hilo linaniuma mpaka leo, maana aliendelea kulitembelea wiki nzima kwa neno langu.

Mzee mmoja fundi alipoletewa hakushika hata spana. "Kijana, twende nalo kwanza." Barabarani akamwomba baba ayumbishe gari kidogo kushoto, mvumo ukapanda, akayumba kulia ukafifia kabisa. "Ukikata kushoto uzito unalalia kulia, kwa hiyo mgonjwa ni huyu wa kulia."

Kurudi akalinyanyua, akachukua mkono wangu akauweka juu ya springi ya shokapu, akazungusha tairi polepole. Aisee niliisikia kwenye vidole, krrr krrr, kama mchanga unasagwa ndani ya chuma. Tukaenda upande wa kushoto, springi imetulia tuli. Kumbe beringi inaweza kufa kabla haijaanza kucheza!

Ilipotoka, grisi ilikua imegeuka maji ya kahawia na njia ya gololi imechubuka vishimo vishimo. Mpya hakuigonga nyundo, aliisukuma kwa presi, ile mashine ya kukandamiza, akibana ringi ya nje tu, akasema ukisukumia ya ndani unaziumiza gololi kabla gari halijatoka hapa.

Tulirudi jioni. Baba akazima redio, akapandisha vioo, 60, 70, 80, tukabaki kimya wote wawili tukisikiliza, nikasikia upepo tu, na yeye akapumua.