Ndizi za chokoleti, joto la Kaskazi

Joto hili la Kaskazi, wanangu hawataki tena malai wala ubuyu, wanataka ndizi za chokoleti. Nanunua sokoni Darajani ndizi kisukari zilizoiva ila bado ngumu kidogo, nazimenya, nazichomeka vijiti vya mishikaki, zinalala kwenye frizi.

Chokoleti nyeusi naiyeyusha kwa mvuke, bakuli juu ya sufuria, na kijiko cha mafuta ya nazi iwe nyepesi. Bakuli likauke kabisa! Tone la maji likiingia, chokoleti inafanya mabonge. Ndizi ikishaganda, ukiichovya tu chokoleti inashika papo hapo, kwa hiyo karanga zilizosagwa zinyunyizwe haraka.

Badala ya ndizi, nanasi silipendi, majimaji mno. Embe boribo, vipande vinene, hilo sawa. Mume wangu anataka unga wa karafuu juu yake. Mpemba huyo, mwacheni.