Manquer, kitenzi kilichoniaibisha Lyon

Mwaka wangu wa kwanza Lyon, Ufaransa, nilipanga chumba kwa bibi mmoja mstaafu. Likizo nikarudi Tanga, nikamtumia ujumbe wa Kifaransa kwa madaha yote: «Je vous manque beaucoup!» Akilini mwangu nimesema nimemkumbuka sana. Kumbe nimemwambia yeye ndiye kanikumbuka mimi, tena sana! Akajibu: «Un peu, oui.» Kidogo, ndiyo. Jamani!

Manquer ya hamu huendeshwa kinyume, anayekumbukwa ndiye anayetangulia: «Vous me manquez», kama vile "unakosekana kwangu". Tangu hapo naishikilia kwa kitenzi chetu "kukosa". «J'ai manqué le bus», nimekosa basi, shwari kabisa. «Il manque du sel», chumvi imepungua (hii niliisikia kila nilipompikia). Dukani, «il manque deux euros», hela haijatimia, ongeza euro mbili.

Iliyonishinda ni «j'ai manqué de tomber». Hapo mtu hajaanguka, ni nusura tu. Siku bibi aliponiambia hivyo nilikimbilia barafu kwenye friji, narudi namkuta kasimama mzima jikoni, kikombe cha kahawa mkononi, ananishangaa.