Usiku baba alipotoa hukumu kabla ya majaji

Desemba 2017 nilikuwa Hobart kule Tasmania, kisiwa cha Australia, mchana nasoma jioni naosha vyombo kwenye mkahawa mmoja karibu na bandari. Sasa kule kila tarehe 26 Desemba, saa saba mchana, boti za tanga zinaondoka Sydney kuja Hobart, maili za baharini 628, na mashindano haya yapo tangu 1945. Siku hizo mji mzima ni habari ya upepo tu. Mimi mtoto wa Lamu, baba yangu nahodha wa jahazi, ningekaa ndani vipi?

Tarehe 27 usiku nimetoka kazini nikakimbia moja kwa moja hadi ukingo wa mto Derwent, watu wamejaa, baridi inauma masikio na eti ndio kiangazi chao. Mzee mmoja kando yangu akawa ananihadithia tufani ya 1998, mabaharia 6 walikufa na boti 5 zikazama, anaongea polepole macho yako mtoni. Ilipokaribia saa nne tukaiona Wild Oats XI inapanda mto, nyembamba kama upanga, watu wakalipuka kwa kelele. Siku 1, saa 8 na dakika 48! Rekodi ya mwaka uliotangulia ilikuwa siku 1 na saa 13 na zaidi, kaskazi ilikuwa imewasukuma vizuri sana safari hii. Dakika 26 baadae ikaingia Comanche. Yaani boti mbili za futi 100 kila moja, zimevuka bahari chafu ile yote, zinaachana dakika 26.

Nikampigia baba simu ya video, Lamu ilikuwa saa nane mchana, yuko barazani. Nikamwambia baba, Wild Oats kashinda! Nikamtumia na ile video ya mwanzo wa mashindano, pale hata hawajatoka bandari ya Sydney, Wild Oats inageuza tanga mbele ya Comanche karibu sana mpaka wenzao wakapandisha kibendera chekundu cha malalamiko.

Akaiangalia, akakata simu. Baadae akapiga mwenyewe, na baba si mtu wa kupiga.

"Huyu mwengine alikuwa na upepo wa mkono wa kulia?"

Nikamwambia ndio, Comanche.

"Basi njia ni yake. Hao wa mbele hawakushinda mwanangu, hata wafike jana."

Nilibisha sana, nikamwambia wamefika wa kwanza kila mtu kaona. Akanijibu bahari haiangalii nani kafika. Kesho yake majaji wakakaa, Wild Oats ikaongezwa saa nzima ya adhabu, ushindi na rekodi vikaenda kwa Comanche, siku 1 saa 9 dakika 15. Nilisoma ile habari nimesimama jikoni, mikono ina povu, simu imelowa, na sikuwa nafikiria boti hizo tena.

Nilikuwa nafikiria shindano moja la majahazi kwetu, nina miaka tisa, baba anaongoza, imebaki kidogo tu, na jahazi jingine likaja kwa upande wenye haki. Baba akageuza. Na jahazi si kama boti hizi, kugeuza ni kulipeleka tanga zima na foromali yake, ule mti unaobeba tanga, ng'ambo ya pili ya mlingoti, wanaume wanavuta mpaka mishipa inasimama, muda umeshakwenda. Tukashindwa. Watu pwani walimsema maneno mazito na mimi nikamnunia siku tatu, sikula naye, na yeye hakunieleza kitu, si siku ile wala miaka yote baadae.

Usiku nikampigia, nikamwambia majaji wamesema kama ulivosema. Akasema alhamdulillahi. Nikamwambia baba nisamehe ile siku ya shindano, nilikununia. Akanyamaza, nikawa nasikia jiko la mama likivuma nyuma yake.

"Ile Comanche bado iko hapo?"

Iko.

"Nenda kesho kanipigie picha tezi, kule nyuma. Nimeona kama ina sukani mbili, nataka kuona zimefungwa vipi."

Alfajiri nilikuwa gatini kabla jua halijatoka.